Chupa za Ndimu Chini ya Kihenge

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Kahama nikinunua mchele. Mama mmoja muuza juisi alikuwa ameamka na hasara: ndoo nzima ya maji ya ndimu ilikuwa imemchachia, akaimwaga mferejini karibu na miguu yangu huku akisonya. Harufu ile ilipopanda nilikaa juu ya gunia la muuza mchele bila hata kuomba ruhusa. Yule kijana akadhani ni presha. Akaniletea maji ya kunywa, akanipepea kwa kipande cha boksi, nami nikamwacha aamini hivyo, maana kwa umri wetu huu presha haiombwi maelezo. Kweli yenyewe ni ndefu na sijapata kumwambia mtu. Naiandika kwa ajili yenu wa rika langu, mliobaki wachache, mnaojua chupa tupu ilikuwa mali kiasi gani katika nyumba za wazee wetu.

Baba alikuwa mtu wa machimbo. Alifanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, na sisi, mama na mimi, tulikaa kijijini upande wa Shinyanga tukilima pamba na mtama. Wenzake walirudi na baiskeli, wengine na mablanketi na viatu vinavyolia. Baba aliteremka kwenye lori la pamba akiwa amebeba gunia moja. Ndani mlikuwa na chupa kumi na moja za bia, zile walizotupa Wazungu wa mgodini, kila moja ameiviringisha kwa majani makavu isigongane na mwenzake. "Mkono mtupu haulambwi," alimwambia mama, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikumwachia mpaka aliposhika nguzo ya mlango. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nilidhani ni vumbi la safari.

Naye alituambia hivyo hivyo, kwamba ni vumbi la safari, halafu kwamba ni baridi ya lori, halafu kwamba ni mafua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini baba alikuwa na utani mwingi, na mtu mwenye utani anaweza kuficha mengi. Kabla mwezi haujaisha ugali wa mtama ulikuwa umemshinda. Maziwa yakafuata. Kitu pekee kilichopita kooni mwake bila kurudi ni uji mwembamba wa uwele uliokamuliwa ndimu. Bila ndimu alikuwa akishika bakuli, analitazama kwa adabu kama mgeni aliyeshiba, kisha analirudisha kwa mama.

Mti wa ndimu ulikuwa mmoja tu kwetu, nyuma ya duka dogo la njia panda, na mwenye mti alikuwa Mama Hadija, mke wa mwenye duka. Alikuwa mwenyeji wa Tabora, Mwislamu, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Hakutuuzia ndimu hata siku moja. Lakini masika yalikuwa yanakwisha, na siku moja alikuja na kikapu kilichojaa, akakitua mbele ya mama.

"Mama Minza, mti umekwisha," alisema. "Hizi ndizo za mwisho. Kiangazi chote hutapata nyingine."

"Sasa atakunywa nini?" mama aliuliza.

"Tutazikamua, tuziweke kwenye chupa. Kwetu maji ya ndimu yanakaa miezi, ukijua kuyaweka."

Hapa lazima niwaambie habari ya pua ya mama. Aliugua ndui akiwa mdogo. Ndui ilimwachia makovu uso mzima na ikaondoka na pua yake, yaani hakunusa kitu chochote, si moshi wa mboga inayoungua, si maziwa yaliyoharibika. Tangu nilipojua kusema, pua ya nyumba ilikuwa mimi. "Minza, njoo unuse," ndiyo sauti ninayoikumbuka zaidi katika utoto wangu. Nilinusa nyama, nilinusa nsansa, ile mboga ya majani ya kunde tuliyoianika, nilinusa kibuyu cha maziwa kila asubuhi. Nikisema kizima, watu wanakula. Nikisema kimeharibika, mbwa anakula. Baba alipoona madaraka yangu haya aliniita Bwana Afya, kwa jina la yule ofisa aliyekuwa akipita vijijini kukagua vyoo, na kila nikiingia alipolala alijifanya anaficha uchafu chini ya mkeka.

Basi tukakamua ndimu. Mama Hadija alituongoza kama mwalimu. Chupa zilioshwa kwa majivu, zikaanikwa juani siku nzima. Maji yalichujwa kwa kitambaa cha amerikani, yakaachwa mtungini mpaka machicha yakatulia chini, kisha tukamimina yale meupe ya juu tu, taratibu, mpaka shingoni mwa chupa. Sisi kwetu tulijua kuhifadhi kwa kuanika. Viazi tulivipasua tukavianika vikawa michembe, mboga tulianika, nyama tulianika. Lakini maji hayaanikwi, na ndiyo maana mama siku ile alikuwa na macho ya wasiwasi.

"Juu kabisa unamimina mafuta ya karanga, kiasi cha kidole," alisema Mama Hadija. "Yanaelea, hewa haipiti. Halafu gunzi, halafu nta."

Mama aliyatazama mafuta ya karanga, akatikisa kichwa. "Haya ni ya mboga. Ya baba Minza nitaweka samli."

"Samli inaganda, mama."

"Ndiyo uzuri wake. Ikiganda inakuwa kifuniko. Mafuta ya majimaji yatazuia nini?"

Mnaotoka kwetu mtamwelewa. Samli ndiyo tuliyompaka mtoto mchanga, ndiyo tuliyompa mgeni wa heshima, ndiyo iliyokaa kibuyuni mwaka mzima bila kudhurika. Kumwekea mgonjwa wako mafuta ya karanga wakati samli ipo, hiyo ingekuwa kumdharau mbele ya watu. Mama Hadija alinyanyua mabega. "Haya, nyumba ni yako," alisema. Mama akayeyusha samli yake yote, akaimimina juu ya kila chupa. Ilipopoa ilikaa pale shingoni, ya njano, nzuri kutazama. Tukazika chupa zote kumi na moja kwenye mchanga mbichi, ndani ya mtungi mpana, chini ya kihenge cha mtama ambako jua halifiki.

Kabla ya kuondoka Mama Hadija aliniita, kwa kuwa alijua kazi itakuwa yangu. "Sikiliza, Minza. Ndimu nzima inachoma pua kidogo, inanukia ndimu. Ikianza kunuka pombe, hiyo imeanza kuondoka. Ukiona povu pembeni, au ngozi nyeupe juu, au gunzi linajisukuma lenyewe, usionje. Mwaga. Umesikia? Mwaga." Kisha akamgeukia mama, akasema kwa sauti yake kubwa: "Mvua ikinyesha vumbi litalala, na kifua chake kitapumua. Chupa hizi, Inshallah, zitamfikisha kwenye mvua."

Mtu mzima anasema neno lake na kwenda kupika. Mtoto anabaki nalo. Mimi nilielewa kwamba siku za baba zimewekwa ndani ya zile chupa. Kumi na moja zikiisha, mvua itakuwa imefika na baba atapona. Chupa moja ikipotea njiani, siku za baba zimepotea nayo. Sikumuuliza mtu kama nimeelewa vizuri, kwa sababu halikuwa jambo la kutilia shaka.

Chupa nne za kwanza zilikuwa nzima. Mama alikuwa amepanga: kila chupa na siku zake, chupa haifunguliwi kabla ya zamu yake hata iweje, maana akiruhusu haraka leo kutakuwa na pengo mbele. Siku ya zamu alichimbua chupa, akatoa nta, akaniletea. Mimi nikavuta gunzi, nikanusa, nikasema "nzima," na mama akachokonoa samli kwa bua, akamimina. Baba alikuwa akinywa uji mpaka bakuli linabaki jeupe. Mara moja alitembea mpaka kwenye zizi kuangalia ng'ombe, akarudi peke yake. Mama alijifanya hakuona, lakini nilimsikia akiimba wakati anasaga.

Chupa ya tano, gunzi lilitoka kabla sijalivuta. Lilifanya sauti ndogo, na povu likapanda. Nikanusa: pombe, na chini yake harufu ya kitambaa kilichokaa na maji.

"Mayu, imeharibika," nilimwambia mama.

Mama aliishika chupa ile, akaitazama, akaiweka puani mwake ingawa ilikuwa haina faida. Akaimwaga nyuma ya boma. Kuku walikuja mbio, wakaonja, wakaondoka. Na kwa kuwa zamu ya chupa ya sita ilikuwa bado, mama hakuifungua. Siku nane baba alirudisha bakuli. Siku nane nilikaa mlangoni nikimtazama akipungua. Mashavu yaliingia ndani, mikono ikabaki mifupa, utani ukaisha. Siku ya nane nilimwita "baba" mara tatu kabla hajafungua macho.

Hapo nikawa na hakika. Niliona kwa macho yangu: tumemwaga chupa, na baba amepungua kiasi cha chupa. Nani angeniambia vingine?

Chupa ya sita ilikuwa mbaya kuliko ya tano. Ilikuwa na ngozi nyeupe juu ya maji, chini ya samli, na harufu yake ilinipanda mpaka machoni. Mama alikuwa amesimama mbele yangu na bakuli la uji linafuka.

"Nzima?" aliuliza.

"Nzima."

"Mbona unatoa machozi?"

"Inachoma. Ni kali."

Alifurahi. Akasema ndimu kali ndiyo dawa. Nikamwambia nitamimina mwenyewe, na alipogeuka niliitoa ile ngozi kwa bua, nikaifukia mchangani. Nikampelekea baba uji. Alikunywa funda moja, akalitua bakuli. Akanitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama.

"Bwana Afya amepitisha?" aliuliza.

"Amepitisha."

"Basi tunywe," alisema, akanywa bakuli lote. Nilitoka nje nikaruka ruka uani peke yangu.

Nisiwafiche wenzangu, siku zile nilikuwa na furaha. Tumbo la baba lilianza kumwendesha, na usiku na mchana mama alikuwa akifua vitambaa na kubeba majivu, lakini kwangu mimi tumbo lilikuwa habari nyingine na chupa habari nyingine. Bakuli lilikuwa linarudi tupu. Baba alikuwa hai. Chupa ya saba nikasema nzima. Ya nane, iliyokuwa na rangi ya maji ya tope, nikasema nzima. Zilibaki tatu, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana, na mimi nilikuwa nikiyatazama mawingu na mtungi, mtungi na mawingu, nikijua sasa tunafika.

Siku moja mchana Mama Hadija alikuja kumjulia hali. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako kwa baba, nikaona ameshtuka. Mama alikuwa amemwegemeza baba ukutani anywe uji. Mama Hadija akasema, lete nikusaidie, akachukua bakuli. Lilipokaribia uso wake mkono ulisimama.

"Mama Minza," alisema, na ile sauti kubwa haikuwepo. "Hii imeoza."

"Imeoza? Minza ameinusa."

"Imeoza siku nyingi. Mnampa hii?"

Mama alinigeukia. Sijasahau uso ule, makovu yake yote yametulia, hasira bado haijafika, anangoja tu nimwambie kwamba jirani amekosea. "Minza. Uliinusa?"

"Niliinusa."

"Ikawaje?"

Nilitaka kusema habari ya siku na chupa na mvua, lakini mbele ya watu wazima wawili neno lile lililokuwa kubwa tumboni mwangu halikuwa na mlango wa kutokea. Ndipo baba aliposema, kwa pumzi zake fupi, akiacha nafasi kati ya neno na neno.

"Mwache mtoto. Aliniambia mimi. Tangu chupa ya kwanza kuharibika aliniambia. Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie."

"Kwa nini?" mama aliuliza.

Baba alifumba macho. Labda alikuwa anatafuta jibu, labda pumzi.

Mama aliinuka, akaenda chini ya kihenge, akazitoa chupa tatu zilizobaki. Alizifungua moja moja na kumpa Mama Hadija anuse. Hakunipa mimi. Zote zilikuwa zimeoza. Samli ilikuwa imeganda kwenye ule mchanga wa baridi, ikajikunja, ikaachana na kioo pande zote kiasi cha kupitisha jani la nyasi. Hewa ilikuwa ikiingia na kutoka tangu siku ya kwanza. Mama Hadija aliona, na kwa heshima yake hakusema. Mama ndiye aliyesema. "Samli yangu," alisema, akakaa chini mchangani na chupa mapajani.

Baba alikufa siku ya nne. Mvua ilikuja baada ya matanga, mvua nzuri isiyo na upepo, na mwaka ule mtama ulistawi mpaka tukakosa pa kuuweka.

Watu walimfariji mama kwamba ni kifua, ni vumbi la mawe, kwamba wanaume wengine wawili wa kata yetu waliotoka machimbo yale yale walikufa vivyo hivyo, wala hawakunywa ndimu. Huenda ni kweli. Nimekuwa mkunga kwa miaka mingi, nimekaa na waganga wa hospitali, nimewauliza kwa kuzunguka zunguka bila kutaja jina, na wote wanasema mtu wa kifua cha namna hiyo huuawa na kifua chake, si tumbo. Lakini mtu wa kifua cha namna hiyo akiendeshwa tumbo wiki tatu mfululizo, hilo nalo wamelinyamazia. Simlaumu mtoto yule. Namwonea huruma, na huruma yangu haimsaidii kitu.

Mama hakuolewa tena. Ndugu za baba walitaka kumrithi, akakataa, akabaki na mimi na jembe lake. Hakunipiga kwa ajili ya jambo lile, hakunisema, hakulitaja. Nilifikiri amenisamehe, kisha nikafikiri amesahau, kisha nikaolewa nikawa na watoto wangu na nikaacha kufikiri. Alipokuwa mzee sana nilimchukua nyumbani kwangu. Alikuwa amelala chumba cha mbele, jua la mchana likiingia, mimi nikimkata kucha za miguu.

"Minza," aliniita.

"Mayu."

"Ile siku ya Mama Hadija. Ni kweli baba yako alikuambia usiniambie?"

Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nikawa tena yule mtoto. Baba alikuwa amenifunika kwa neno lile akiwa hana hata pumzi ya kulisema vizuri. Niliona kama nikilikana ninamfanya marehemu kuwa mwongo.

"Ndiyo, mayu," nilisema. "Aliniambia."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa analijua.

"Nilijua," alisema. "Mtu hanywi kitu kilichooza, na anajua kimeoza, kama bado anataka kukaa. Alikuwa amenichoka. Nilikaa nikijiuliza nilimkosea nini. Labda huu uso."

Miaka hamsini na zaidi alikuwa amelala na wazo hilo. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, lilikuwa ni kusema tu kwamba ni mimi, kwamba baba hakuambiwa na mtu, kwamba alikunywa kwa kuwa mimi nilimpelekea. Nilimuuliza kama aletewe uji. Akasema hapana, ameshiba.

Nikamaliza kucha za mguu wa pili. Siku tatu baadaye tulimzika, na hilo ndilo alilokwenda nalo.